Kondoo wa Northam

Wahenga walinena kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi. Hawakunena, hata hivyo, kuwa mtu anaweza kuvuka bahari kwenda kuuchunguza uongo wa babake, akakuta kuwa haukuwa uongo. Hiyo ndiyo safari niliyoifunga mwezi wa Agosti mwaka wa 2023, na ndiyo ninayokusudia kumsimulia msomaji wa jarida letu. Najua ataniuliza: mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili ana lipi la kusema kuhusu viwanja vya gofu vya Uingereza? Tena viwanja vya kaunti ya mashambani kama Devon, inayojulikana zaidi kwa malai na siagi kuliko kwa jambo jingine lolote?

Ninalo. Mimi ni mwana wa kedi.

Kedi, kwa asiyemjua, ni mchukuzi wa mfuko wa fimbo za mcheza gofu. Humfuata mchezaji katika mashimo yote 18, mfuko begani na jicho likiwa juu ya mpira. Hutafuta, huokota, hupangusa, hushauri ni fimbo ipi itumike, kisha hunyamaza. Hasa hunyamaza. Babangu aliifanya kazi hiyo kwa miaka 31 katika klabu moja ya nyanda zetu za juu, penye mashamba ya chai, ambayo jina lake sitalitaja. Alilijua kila tuta na kila mteremko wa uwanja ule, lakini hakuwahi kucheza mle. Alichezea nyuma ya nyumba yetu, kwa fimbo aliyoichonga mwenyewe kutokana na mzizi wa mti, na kwa mipira iliyopotezwa vichakani na wenyewe. Mimi pia niliubeba mfuko, likizo baada ya likizo, tangu darasa la nane hadi nilipohitimu kidato cha nne, na sehemu kubwa ya karo yangu ilitoka begani mwangu.

Hata neno lenyewe nililijua upande mmoja kabla ya kuujua wa pili. Mwalimu wetu wa darasa la tano alipotwambia kwamba kule pwani kuna magofu ya Gede, niliwaza kuwa Gede ni mji wenye viwanja vya gofu visivyo na idadi, nikawaonea makedi wa huko wivu mkubwa. Mpaka leo, nikisoma utenzi unaotaja magofu, akili yangu huona kwanza nyasi zilizonyolewa, ndipo ione kuta zilizoanguka.

Sasa uongo wa baba. Katika miaka ya 1980 alikuwa akimbebea mfuko mzee mmoja wa Kizungu, mkulima wa chai, mzaliwa wa Devon. Mzee huyo alipenda kuzungumza akitembea, na kwa kuwa wachezaji wenzake walikuwa wamechoshwa na hadithi zake, alimsimulia kedi. Alimwambia kwamba kwao kuna uwanja wa gofu kando ya bahari ambao kondoo na farasi wa wanakijiji hulisha humo katikati ya mchezo, na hakuna mchezaji, awe mkubwa kiasi gani, aliye na idhini ya kuwafukuza. Mchezaji husubiri. Kondoo akishapita, ndipo mpira upigwe. Baba aliipokea habari hiyo kama mchukuzi yeyote anavyozipokea hadithi za mwenye mzigo: akatikisa kichwa na kuendelea kutembea. Lakini hakuisahau.

Mwishoni mwa mwaka wa 2006 ng'ombe wa mama alikata kamba, akapenya penye ua uliooza na kuingia katika uwanja wa klabu. Alikutwa asubuhi juu ya grini ya shimo la saba, yaani pale mahali penye nyasi laini kama zulia ambapo mpira hutumbukizwa shimoni. Alikuwa ameshiba. Kwato zake zilikuwa zimeongeza mashimo mengi ambayo mchezo haukuyahitaji. Ng'ombe alizuiliwa, baba akaitwa mbele ya kamati na kutozwa faini ya shilingi 3,000. Baba, aliyezoea kunyamaza, siku hiyo alinena. Alisema kwamba huko huko mchezo huu ulikotoka, mifugo hulisha uwanjani na hakuna anayetozwa faini. Kamati iliangua kicheko. Mmoja alimwambia akawasimulie wanawe hekaya za sungura na fisi. Naomba msomaji asidhani kuwa walikuwa Wazungu. Walikuwa watu wetu, baadhi yao wasomi wa kupigiwa mfano. Habari ikawafikia makedi, nao, kama ilivyo ada ya maskini kumcheka maskini mwenzao, wakambandika baba jina la Kondoo wa Ulaya. Jina hilo lilimganda kama kupe hadi alipostaafu.

Faini aliilipa mama. Fedha hizo zilikuwa za karo ya dadangu, ambaye alikuwa ameitwa kujiunga na kidato cha kwanza mwezi wa Januari 2007. Dada aliripoti shuleni wiki tatu baada ya wenzake. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kugawana vitanda, na yeye akalala sakafuni muhula mzima. Hayo aliniambia tukiwa watu wazima, hakuwahi kumwambia mama.

Dada huyo ndiye muuguzi, aliyekwenda Uingereza mwaka wa 2022 na kupata kazi katika mji wa Barnstaple, kaskazini mwa Devon. Aliponitumia nauli nikamtembelee, baba aliniita kando. Magoti yake siku hizi hayamruhusu kutembea mbali. Alisema, "Mwanangu, usiniletee koti wala saa. Nenda ukawatazame wale kondoo. Ukiwakosa, nyamaza, usiniambie kitu."

Basi nilifika Devon nikiwa na agizo.

Devon ni kaunti ya kusini-magharibi mwa Uingereza, yenye pwani mbili, moja ya kaskazini na nyingine ya kusini, na baina ya pwani hizo vilima vya malisho vinavyofuatana kama mawimbi. Barabara zake za vijijini ni nyembamba ajabu, zimezama baina ya kuta za udongo zilizootwa na miti, hata mtu akisafiri kwa basi haoni kitu ila majani, kisha ghafla pengo la lango humfunulia ng'ombe na bonde zima. Kwa mtu wa nyanda za juu za Kenya kijani kile si kigeni, kilichokosekana ni chai tu. Kaunti hiyo ina viwanja vingi vya gofu. Wanaosifia pwani ya kusini watakutajia Thurlestone na Budleigh Salterton, ambavyo viko juu ya majabali ya bahari. Mimi sikufika huko. Nauli ya Uingereza haina huruma, na agizo langu lilikuwa la kaskazini.

Tulianza na Saunton, kwa kuwa dada alikuwa na mapumziko ya siku mbili na basi la kupitia Braunton lilikuwepo. Saunton ni klabu iliyoanzishwa mwaka wa 1897, nayo ina viwanja viwili, wa Mashariki na wa Magharibi, vilivyotandikwa kando ya mojawapo ya nyanda kubwa za vilima vya mchanga katika Uingereza nzima. Uwanja wa Mashariki, ambao mchoro wake kwa kiasi kikubwa ni kazi ya msanifu Herbert Fowler, ndio wajuzi wengi huutaja wa kwanza wanapoviorodhesha viwanja vya Devon. Sitabishana nao. Tuliutazama kutoka katika njia ya umma inayopita kando yake, na jicho la kedi halisahau kazi: niliona jinsi kila shimo lilivyojificha nyuma ya kilima chake, jinsi upepo wa bahari ungemlazimisha mchezaji kubadili fimbo mara mbili kabla ya kupiga, na jinsi mchanga ulivyoachwa uamue wenyewe mahali pa kuwa mtego. Uwanja mzuri haumlaghai mchezaji, wala haumbembelezi. Babangu angekaa pale siku nzima bila kusema neno, na hiyo kwake ni sifa kubwa.

Saunton palinikumbusha magofu yangu ya darasa la tano. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, eneo hilo lilichukuliwa na jeshi. Kuanzia mwaka wa 1943 wanajeshi wa Marekani walifanyia mazoezi katika fuo na vilima hivyo, wakijiandaa kwa shambulio la Normandy la Juni 1944, na mpaka sasa katika uwanda wa Braunton Burrows kuna maumbo ya saruji yaliyojengwa kuigiza mashua za kushushia askari. Vifaru na mabomu vilivuruga viwanja vyote viwili, hata ikabidi viundwe upya vita vilipokwisha, wa Magharibi ukichelewa kwa miongo. Kwa lugha yetu ningesema gofu liligeuka gofu. Dada alisema utani huo usingechekesha mtu hospitalini kwake, naye ana haki.

Kutoka Saunton, ukitazama kusini kuvuka mlango wa mito ya Taw na Torridge, waona uwanda mwingine, tambarare kabisa, uliozuiwa bahari na tuta refu la mawe ya kijivu. Huko ndiko tulikokwenda siku ya pili, kwa basi la kupitia Bideford, tukashuka katika kijiji kiitwacho Westward Ho!

Mwanafasihi hawezi kulipita jina hilo bila kusimama. Alama ya mshangao ile si yangu, ni sehemu ya jina, na imeandikwa hata katika vibao vya barabarani. Zamani, katika mto Thames wa London, wenye mashua za abiria walikuwa wakiita kwa sauti upande waendao, na mwito wa waliokuwa wakielekea magharibi ndio huo. Ukitaka kuufasiri vyema, usiende kwenye kamusi. Nenda katika kituo cha matatu ukawasikilize makanga. Mwaka wa 1855 Charles Kingsley aliutumia mwito huo kama anwani ya riwaya yake ya kihistoria, ambayo sehemu yake imewekwa Bideford. Riwaya ilipendwa mno. Wafanyabiashara wakaona fursa, wakajenga hoteli na nyumba za wageni karibu na ufuo katika miaka ya 1860, na mahali hapo pakapewa jina la kitabu. Sisi hufundishwa kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Hapa kioo kilitangulia, jamii ikaja baadaye kujitazama. Mwandishi Rudyard Kipling naye alisoma shule hapo kuanzia mwaka wa 1878 hadi 1882, na shule hiyo ndiyo aliyoiandikia kitabu cha Stalky & Co. mwaka wa 1899. Ningeweza kukaa juu ya mambo hayo kurasa kumi, lakini sikutumwa kutazama vitabu.

Tuliufuata mchanga mpaka ukingo wa uwanda. Unaitwa Northam Burrows, kwa jina la kijiji cha Northam kilicho juu ya kilima, na una zaidi ya hekta 250. Hapana ua. Hapana lango la klabu wala mlinzi mwenye rungu. Barabara ya gari inakatiza, watu wanatembeza mbwa, watoto wanarusha tiara, na katikati ya hayo yote bendera ndogo zinapepea juu ya mashimo ya gofu. Huo ndio uwanja wa Royal North Devon, ulioanzishwa mwaka wa 1864, na ambao unatambuliwa kuwa mkongwe kuliko wote katika Uingereza, ukiiacha Uskoti, miongoni mwa viwanja vinavyochezewa hadi leo katika ardhi ile ile vilikoanzia.

Nilisimama. Naomba niliseme jambo hili wazi, kwa kuwa lilinishangaza mwenyewe. Miguu yangu ilikataa kukanyaga nyasi zile. Nimezifanyia kazi nyasi za gofu miaka mitano, na mwili wangu wajua kwamba mtu asiye na mfuko begani hana ruhusa ya kuzikanyaga. Nilisimama ukingoni kama mtu aliyefika penye mto asioujua kina. Dada ndiye aliyetangulia. Hakugeuka kuniangalia, alikwenda tu, kwa mwendo wake wa wodini.

Nao walikuwepo. Kondoo 14 niliwahesabu karibu na shimo moja, wengine wamelala juu ya grini yenyewe kama waliotandikiwa, wamepigwa rangi mgongoni kila mmoja kwa alama ya mwenyewe. Mbali kidogo palikuwa na farasi watatu, wakila bila haraka. Wachezaji wanne walikuja, wazee kwa umri, wakivuta vijigari vya mifuko. Mmoja alifika karibu na kondoo aliyelala baina ya mpira wake na shimo. Hakupiga kelele wala hakuinua fimbo. Alisimama, akaegemea fimbo yake, akazungumza na wenzake juu ya jambo jingine. Kondoo aliinuka alipotaka. Alipoondoka aliacha kinyesi, na yule mzee akakisukuma pembeni kwa upande wa fimbo, akapiga mpira wake, akakosa.

Dada alikuwa amekitoa simu yake na kupiga picha. Kisha aliishusha, akaketi juu ya nyasi. Hakusema neno na mimi sikumsemesha.

Mzee yule aliyekosa alitupungia mkono, na walipomaliza mchezo akatukuta bado tupo. Tulimwamkia. Aliuliza kama tumepotea njia. Nilimwambia kwamba nimetumwa na babangu kuwatazama kondoo, akacheka, si kwa dharau, akasema kwamba hilo ndilo jambo la busara kuliko lolote alilolisikia mwaka huo. Yeye ndiye aliyetueleza yale ambayo baadaye niliyasoma kwa kirefu.

Uwanda huo si mali ya wacheza gofu. Tangu zamani, kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, wenye nyumba wa Northam walikuwa na haki ya kulisha mifugo yao hapo. Kwa Kiingereza huitwa Potwallopers, jina ambalo nimehangaika nalo sana. Maana yake ya asili ni mtu anayechemsha chungu chake mwenyewe, yaani mwenye meko yake, asiyekula jikoni kwa mtu. Nimelipendekezea tafsiri ya mchemsha-chungu. Mwenye chungu chake ana sauti, na mwenye sauti ana malisho. Haki hiyo haikuondolewa klabu ilipokuja. Klabu ndiyo iliyopiga hodi na kuomba nafasi. Istilahi ya ardhi ya umma haitoshi kuieleza hali hiyo, kwa kuwa ardhi yenyewe ina mmiliki kisheria. Kinachogawanywa ni haki: huyu ana udongo, yule ana nyasi, mwingine ana njia ya kupita, na mcheza gofu ana ruhusa ya kuutafuta mpira wake baina yao. Wanasheria wetu na wanaisimu wetu wangefaa kukaa pamoja wakaipatia istilahi, maana babu zetu wafugaji walikuwa na mpango usiotofautiana sana na huo, nasi tumeupoteza pamoja na maneno yake.

Tena yafaa tukumbuke kwamba kondoo si mapambo ya mchezo. Gofu ya pwani ilizaliwa katika ardhi za namna hii, mchanga baina ya bahari na mashamba, usiofaa jembe. Nyasi zilinyolewa na meno ya kondoo na sungura karne nyingi kabla ya mashine kuundwa. Uwanja wa Northam ungali na sura hiyo. Mwanzo wake na mwisho wake ni tambarare, hata mgeni anaweza kudhani hapana kitu. Katikati yake kuna matete makali ya bahari, marefu na yenye ncha kama sindano, yanayoweza kuutoboa mpira na kuushikilia. Kuna pia, katika shimo la nne, mtego mkubwa wa mchanga uitwao Cape, ambao ukuta wake umeshonwa kwa mataruma ya reli na ambao ni lazima mpira uruke juu yake. Upande wa bahari tuta la mawe linasogea ndani kidogo kidogo, na maji ya dhoruba yamekuwa yakiumega uwanja. Kwa uzuri wa mchoro, Saunton inaushinda. Mimi, hata hivyo, nikiulizwa uwanja bora wa Devon, nitasema ni huu wa kondoo, na sitadai kuwa hakimu asiyependelea.

Mzee alitukaribisha ndani ya jengo la klabu, ambamo wamehifadhi fimbo za kale na picha. Alituonyesha picha ya mtu mmoja mwenye kifua kipana na kofia, akasema: huyu naye alikuwa kedi.

Huyo ni John Henry Taylor, aliyezaliwa Northam mwaka wa 1871. Babake alifariki Taylor akiwa mtoto mchanga. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 11, akafanya kazi za utumishi katika nyumba ya familia ya Horace Hutchinson, bingwa wa wachezaji wa ridhaa wa miaka ya 1886 na 1887, akabeba mifuko ya mabwana katika uwanda ule ule wa kijiji chake. Mwaka wa 1888 wafanyakazi wa Northam waliunda klabu yao wenyewe ya gofu, na Taylor alikuwa mmoja wao. Hapo ndipo nilipoielewa ile haki ya malisho kwa upande wake wa pili. Uwanda ambao hauwezi kumfukuza kondoo wa mwanakijiji unapata taabu kumfukuza mwanakijiji mwenyewe. Taylor alishinda shindano kuu la Uingereza, The Open, mara tano: 1894, 1895, 1900, 1909 na 1913. Mwaka wa 1901 aliongoza kuundwa kwa chama cha wachezaji wa kulipwa, ili wasinyanyaswe na klabu walizozitumikia. Mwaka wa 1957 klabu ya Royal North Devon ilimfanya rais wake. Alifariki kijijini kwake Northam mwaka wa 1963.

Sipendi hadithi hii isomwe kama ngano ya kumsifu Mwingereza. Ilimbidi yule kedi awe bingwa mara tano na kuvuka umri wa miaka 80 ndipo akalie kiti cha klabu ambayo wanachama wake alikuwa akiwabebea mifuko. Wafanyakazi walikuwa na klabu yao kwa sababu ile nyingine haikuwa yao. Na malisho ya pamoja kama ya Northam ni mabaki tu. Sehemu kubwa ya malisho ya Uingereza ilizungushiwa ua kwa sheria za bunge katika karne za 18 na 19, na maskini wake wakaishia viwandani. Haki ya wachemsha-chungu ilisalia pale mchangani, na hata hapo ni kwa sababu walikataa kuiachia.

Bali kuna swali ambalo limenikaa kooni. Waliokuja kwetu walijua mambo haya. Mzee wa chai aliyajua, ndiyo maana alimsimulia babangu. Nairobi ilipata klabu ya gofu mwaka wa 1906, wakati Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka wa 1902 ilipokuwa tayari inagawa nyanda za juu, na ile ya mwaka wa 1915 ikaifanya hata ardhi waliyoikalia Waafrika kuwa ya Taji. Walituletea fimbo, mipira, na namna ya kuvaa soksi. Kondoo waliwaacha Devon. Tulipozirithi klabu tulizirithi jinsi tulivyozikuta, na ua wake, na daftari lake la faini, tukaamini kwamba huo ndio mchezo ulivyo. Wale wanakamati walipomcheka baba hawakuwa wakisema uongo. Walikuwa hawajui, nao hawakuwa na haja ya kujua.

Jioni hiyo tulimpigia baba kutoka katika chumba cha dada. Simu yake ni ile ndogo ya tochi, haionyeshi picha, kwa hivyo ilinibidi nimweleze kwa maneno, kama yeye alivyoelezwa. Aliuliza walikuwa wangapi. Nikamwambia 14 katika shimo moja. Aliuliza kama walikuwa ndani ya grini au pembeni. Nikamwambia ndani, wamelala. Aliuliza mchezaji alifanya nini. Nikamwambia alisubiri.

"Alikuwa na kedi?"

"Hapana, Baba. Siku hizi wanavuta wenyewe."

Alinyamaza kwa muda, nami nikausikia upepo wa kwetu ukipuliza katika simu. Kisha akauliza juu ya ng'ombe. Nikamwambia kwamba ng'ombe sikuwaona, ila farasi watatu.

"Kondoo watatosha," akasema. "Ngoja nimpe mama yako."

Mama alisikiliza hadithi yote tangu mwanzo bila kunikatiza, hata nikadhani laini imekatika. Nilipomaliza aliuliza kama tumepiga picha. Dada aliinama kwenye simu, akamjibu kwamba anazo nyingi.

"Zichapisheni, mje nazo," mama akasema. "Ile risiti ningali nayo."